Mliniombea Toba, Nami Nilikuwa na Uvimbe

Asifiwe Bwana anayeona hata kile tunachokificha chini ya kaniki mbili, ndugu zangu.

Mimi si msemaji. Wanaonijua wanajua kwamba nikiitwa jina langu kanisani naitikia kwa ndani. Ndiyo maana nimeandika, nami nitasoma bila kuinua macho, kwa sababu nikiinua macho nitaziona nyuso za watu fulani na nitapoteza mstari. Ushuhuda huu una hasira. Mzee wa kanisa aliponisikia nikisema hivyo aliniambia kwamba ushuhuda wenye hasira si ushuhuda. Nimeomba juu ya neno hilo. Hasira haikuondoka. Basi nimeona kwamba Bwana ameiacha ikae kidogo.

Mmekuwa mkisema "kifua cha binti wa seremala". Si kifua. Kifua ni cha kukohoa. Ni titi, la kushoto, na ni langu. Nimelitaja mbele ya kanisa, mbingu hazijaanguka, sasa tuendelee.

Ndugu zangu, mnajua nilivyotoka hapa. Mimi ni msichana wa kwanza wa kijiji chetu kwenda shule ya wasichana Tabora. Baba alinitengenezea sanduku kwa mikono yake, la mbao za mninga, lenye vishikio vya chuma, akalipiga msasa mpaka ukilipapasa ni laini kama shavu la mtoto. Kila aliyepita karakana yake alionyeshwa sanduku kabla ya kuonyeshwa alichokuja kutazama. Nilikwenda nalo juu ya magunia ya lori mpaka Mpanda, na kutoka hapo kwa treni, na kila nilipolala nilishika kishikio chake. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilimshukuru Mungu kwa hesabu, hata kwa jiografia.

Uvimbe niliugusa kwanza kule shuleni, nikiwa naoga. Ulikuwa mkubwa kama pera changa, unabonyea, na ukiusukuma unasogea. Chini yake, kuelekea kwapani, kulikuwa na mwingine mdogo kama harage, mgumu, unaoteleza chini ya kidole kana kwamba unakimbia. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Neno lenyewe sikuwa na mdomo wa kulisema. Nilijifunga kitambaa cha merikani chini ya sare, nikakaza, nikaomba Mungu aniondolee kimyakimya kama ulivyokuja kimyakimya.

Nikarudi nyumbani likizo ya Desemba. Tulikuwa shambani, mama, mimi, shangazi yangu dada wa baba, na wanawake wengine wa jirani, tunabomoa matuta ya mwaka uliopita tutawanye udongo kwa ajili ya ulezi. Nilipoinua kapu la majani ukingo wake ukanigonga pale pale. Nikapiga kelele. Kelele moja tu, ndugu zangu! Nikaona jembe la shangazi limesimama.

Aliniambia nifungue. Pale pale, katikati ya shamba, mbele ya wanawake wote na upepo. Nikamtazama mama, na mama akatazama chini, maana kwetu shangazi ndiye mwenye neno juu ya mwili wa binti wa kaka yake. Nikafungua. Kila mmoja akaweka mkono. Wengine mikono ilikuwa bado na udongo. Mmoja akasema ni jicho baya la mtu. Mwingine akasema Tabora kuna maji ya chumvi. Shangazi aliwangoja wote wamalize, ndipo akafuta mikono yake akasema neno ambalo nyote mlilipata kabla jua halijazama:

"Hakuna tuta linalovimba bila kitu kilichofukiwa ndani."

Akaniuliza tuta hilo ni la nani. Sikuelewa swali. Nilidhani anauliza titi ni la nani, nikamjibu ni langu. Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Ndugu zangu, mlicheka, na wengine wenu mko hapa, mstari wa pili.

Sikuwa nimemjua mwanamume yeyote. Nalisema hili mara moja tu, na sitalisema tena, maana nimechoka kulisema. Nililisema kwa shangazi, nikalisema kwa baba, nikalisema kwa mzee wa kanisa na mke wake. Kila nilipolisema walitazamana wao kwa wao, kana kwamba mimi ni mlango na wanangoja atokee mtu mwingine ndani.

Shangazi akasema kuna njia ya kujua. Kimea. Ulezi uliooteshwa ukasagwa ungali na unyevu, ule ule unaotiwa katika pombe ili iumuke. Kilitoka wapi katika nyumba ya watu waliookoka, msiniulize mimi. Shangazi alisema ni cha uji. Alisema kimea huamsha kilicholala: kama titi limeshika damu tu, kimea kitaikausha, na kama kuna mtoto chini, titi litavimba kwa sababu maziwa yameitwa. Akanipaka, akafunga kwa kitambaa, akakaza, akaniambia nilale nacho, na kila jioni akaongeza kingine kibichi juu ya kile cha jana.

Ndugu zangu, likavimba! Likawa jekundu, likawasha, likapata malengelenge. Shangazi akamwita baba aje aone kwa mbali, akamwambia, "Kaka, umeona mwenyewe." Na baba yangu, mtu anayepima ubao mara tatu kabla ya kuukata, aliona mara moja akaamini.

Nauliza leo, kwa kuwa siku ile hakuna aliyenipa nafasi ya kuuliza. Chukua kimea kibichi, kipake juu ya ngozi ya mtu yeyote, hata ngozi ya mzee wa kanisa, kifunge kwa kitambaa na ukiache kichachuke. Ngozi isipovimba, njoo uniite mwongo. Na ikivimba, tutasema naye ana mimba?

Jumapili nikaja kanisani na kimea changu ndani ya nguo. Nilikuwa nanuka pombe kama mtungi. Mzee wa kanisa akapita kati ya mabenchi, akarudi nyuma, akanusa, akaniondoa nilipokuwa nimekaa akaniweka mbele. Kisha mkaniombea. Nakumbuka mlivyoomba. Mliomba kwa machozi nisamehewe uzinzi, nisamehewe ulevi, nisamehewe kiburi cha shule. Hakuna hata mmoja aliyeomba kwamba uvimbe upone. Nilipiga magoti pale, titi linapwita kama ngoma, nikasikiliza niseme amina kwenye lipi, sikupata. Mliniombea toba, ndugu zangu, nami nilikuwa na uvimbe.

Nilipofika nyumbani nikakuta baba amelishusha sanduku langu. Vitabu vyangu vilikuwa juu ya mkeka. Ndani ya sanduku alikuwa amemimina maharage ya mbegu, mpaka ukingoni, akafunga kifuniko. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu kwamba lori la kuturudisha wanafunzi Mpanda litaondoka baada ya mwaka mpya, na kwamba mimi sitakuwemo, kwa kuwa hatanipeleka kwa walimu ili walimu wanirudishe kwake. Halafu akaenda karakana, na usiku kucha nikamsikia akipiga randa ubao ambao haukuwa na kazi.

Nilimlilia Mungu. Sikuomba vizuri. Nilisema, "Bwana, kama ni Wewe uliyeniumba na titi hili, Wewe sema ni la nani, maana mimi hawanisikii." Hiyo ndiyo sala yangu yote. Na Bwana akajibu kwa njia ambayo sikuitegemea, akamgusa mama yangu. Mama ambaye alitazama chini shambani! Alfajiri alinifungua kile kitambaa mwenyewe, akakitupa kimea kwa kuku, akaniosha kwa maji ya vuguvugu ya chumvi. Akamwambia baba tunakwenda Sumbawanga kuuza mayai.

Kwanza tulikwenda zahanati. Dresa, mhudumu wa dawa wa zahanati, alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, na foleni imejaa mlangoni. Mama alieleza kwa sauti ndogo. Dresa akajibu kwa sauti kubwa. Hakunyanyuka, hakunigusa, hakuniuliza ulianza lini. Alisema uvimbe wa titi dawa yake ni kisu, na mara nyingi linaondoka titi lote, na nipelekwe hospitali kubwa huko mbali. Mama akauliza kama hakuna njia nyingine. Akamjibu, "Kwani mama, dresa ni wewe?" Foleni ikacheka. Ndugu zangu, nimechekwa shambani na nimechekwa mjini, naweza kuwaambia kicheko ni kile kile.

Tukatoka. Mama akakaa kwenye baraza la duka moja la Waislamu, akaanza kulia na kapu la mayai mapajani. Mimi sikulia. Nilikuwa najaribu kufikiri mtu anavyolala upande wa kushoto akiwa hana titi la kushoto. Mwenye duka, mwanamke mnene anayeitwa Mama Salima, akachungulia mlangoni.

"Jamani, msinililie barazani, wateja watadhani nimefiwa," akasema. "Ingieni ndani mlie vizuri."

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuketisha nyuma ya magunia ya chumvi akatupa chai. Mama akamweleza. Mama Salima alisikiliza mpaka mwisho. Halafu, ndugu zangu, yule mama wa watu, ambaye hakutujua wala si wa dini yetu, akauchukua mkono wa mama yangu akaupitisha ndani ya nguo yake mwenyewe.

"Bonyeza. Umelipata donge? Hilo lina umri wa Salima, na Salima sasa ana watoto. Halipandi, halishuki. Ni mpangaji mpole, halilipi kodi lakini halipigi kelele."

Mama akacheka huku anafuta machozi. Mama Salima akasema alikuwa na jingine, la maji, na daktari mwanamke wa misheni iliyo njiani kushuka Kasanga alilitoa kwa sindano, naye jioni ile ile akarudi akapika. Akatuambia lori la mumewe linashuka asubuhi kuchukua dagaa. Tutapanda.

"Mkirudi mtanuka dagaa," akasema, "lakini binti huyu ananuka pombe tayari, dagaa ni nafuu."

Tulishuka bila ruhusa ya baba. 

Mama Daktari, ndivyo wanavyomwita wote kule, alinawa mikono kwanza. Nilitaka kulia kwa jambo hilo dogo. Kisha akanifunika shuka akafunua upande mmoja tu. Akaniuliza mimi, si mama. Ulianza lini? Unauma kila siku au karibu na siku zako? Umetoa maji au damu? Mtu wa kwanza kuniuliza! Alipouona wekundu akauliza nini hiki, mama akamwambia kimea. Akasema kwanza tuiache ngozi ipumue. Tukalala kwenye nyumba ya wagonjwa, nikikandwa kwa kitambaa safi cha maji ya vuguvugu, hakuna kingine. Na ule uvimbe wa ushahidi, ule aliouona baba akaamini, ukanywea wenyewe. Yakabaki pera na harage, kama nilivyotoka nayo Tabora.

Ndipo akafunga madirisha, akawasha tochi, akaiweka chini ya titi langu. Nilifumba macho kwa haya, lakini mama aliniita nitazame. Ule mkubwa uling'aa mwekundu mzima, kama kaa la moto ukilipuliza. Ule mdogo ukabaki mweusi. Akatueleza kwamba maji hupitisha mwanga, nyama haipitishi. Ule mkubwa ni mfuko wa maji. Mdogo ni nyama iliyojikusanya, na kwa msichana wa umri wangu, inayoteleza hivyo, kwa kawaida si ugonjwa mbaya.

Akasema maneno ambayo nimeyashika kama mstari wa Zaburi: "Si kila uvimbe ni wa kisu, na si kila uvimbe ni wa kuachwa. Kwanza ujulikane ni upi." Kuna unaokuja na siku za mwezi na kuondoka nazo, huo unakandwa na kufungwa vizuri na kungojwa. Kuna wa maji, huo unatolewa kwa sindano. Kuna mdogo mgumu unaokimbia, huo unaangaliwa, mwezi hadi mwezi, na mara nyingi unakaa ulivyo au unapungua. Kisu kipo, akasema, ila hakitangulii. Na ukiona umekua haraka, au umeshikamana usisogee, au ngozi imevutwa ndani, au chuchu imetoa damu, hapo usingoje mavuno wala harusi ya mtu, njoo siku hiyo hiyo. Na mwanamke mtu mzima akiupata mpya asijipime kwa umri wangu, aje aonwe.

Sindano iliuma kama siafu mkubwa. Nilimshika mama kidole. Maji yakapanda ndani ya bomba, rangi ya chai isiyo na maziwa, mengi kuliko nilivyodhani, na pera likalala chini ya mkono wa daktari kama mtu aliyechoka. Lilikuwepo, halipo! Alitazama kama kuna damu, hakuna. Akasema pengine yatajaa tena, na yakijaa nirudi ayatoe tena. Alipotaka kuyamwaga, mama yangu akasema hapana. Akaomba chupa.

Ndugu zangu, mama yangu alibeba chupa ile mapajani kutoka kule mpaka nyumbani, juu ya lori, katikati ya dagaa, hakuiweka chini hata mara moja.

Tulipofika, baba na shangazi walikuwa uani, na majirani walikuwa wamekuja kuona tunarudi na aibu gani. Mama hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja akaiweka chupa kwenye mapaja ya shangazi.

"Wifi," akasema, "mjukuu wako huyu hapa. Mpakate."

Hakuna aliyecheka. Huo ndio ulikuwa muujiza wa pili. Shangazi aliinua chupa akaigeuza kwenye jua, akitafuta maziwa, na ulikuwa ni mwanga mtupu. Mama akamweleza baba yote, tochi na sindano, na wekundu wa kimea ulivyonywea kimea kilipotupwa.  Baba aliingia ndani, akalitoa sanduku, akalipindua juu ya mkeka. Maharage yakamwagika kwa sauti ambayo bado naisikia. Akalifuta kwa kiganja chake, pembe kwa pembe. Halafu akasema, mgongo wake ukiwa kwangu, kwamba kishikio kimoja kimelegea, atakikaza kabla ya lori.

Hakuniomba radhi. Shangazi naye hajaniomba. Jana alinipa kuku wa njiani, nimempokea. Nimewasamehe wote wawili, maana nimeamriwa. Hasira ni jambo jingine, nayo itakwisha kwa wakati wake kama ule wekundu.

Sasa wengine mmeniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, kama yote yamekwisha. Hayakwisha. Ule mdogo bado ninao. Uko hapa, unateleza, na nitaulinda na kuupapasa kila mwezi siku zangu zikipita, kama nilivyofundishwa. Mzee wa kanisa alitaka nisubiri mpaka uondoke ndipo nitoe ushuhuda, ili utukufu uwe kamili. Nilikataa. Bwana hakuniokoa na harage. Aliniokoa na kisu kisichouliza, na kimea, na midomo, na woga wa kutaja kiungo alichoniumba nacho Yeye mwenyewe. Huo ndio wokovu wangu, na ni kamili.

Asante, Mungu wangu. Asante kwa mama yangu aliyeacha kutazama chini. Asante kwa Mama Salima, ambaye mliniambia nisimtaje humu, nami nimemtaja.

Wasichana, mlio nyuma, nawajua mnaojifunga vitambaa. Mtegemeeni Bwana, naye atawapa mdomo. Mwambieni mtu. Mama yangu anajua njia ya kwenda kule, anamjua dereva wa lori, na amesema mlango wake uko wazi. Na akina mama, binti akiwafungulieni nguo yake, naweni mikono kwanza.

Lori linaondoka kesho, na sanduku langu liko barabarani tayari. Ile toba mliyoniombea ninaiacha hapa, haijatumika bado. Mwenye kuihitaji aichukue.